Kumfundisha mtoto kuandika sentensi kamili: mwongozo kwa mwalimu wa darasa la pili na la tatu

Kufikia katikati ya darasa la pili, watoto wengi wanasoma silabi, wanaandika majina yao, na wanaandika "kaka", "meza" na "samaki" bila kuinua macho kutazama ubao. Kisha unawaambia: andikeni sentensi moja kuhusu mama. Mmoja anaandika "mama" na kufunga daftari. Wa pili anaandika "mama yangu mzuri wa nyumbani". Wa tatu anajaza ukurasa mzima bila nukta hata moja. Wa nne amenakili sentensi ya jana iliyosahauliwa ubaoni, akabadilisha jina tu. Na ukitazama vizuri, huyo ndiye aliye karibu zaidi kufika.

Tangu 2015, Tanzania ilipoelekeza masomo ya darasa la kwanza na la pili kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ratiba ina nafasi ya kuandika. Shida ni kwamba nafasi hiyo huliwa na mwandiko na kunakili. Kunakili kunazoeza mkono, na mkono unahitaji kuzoezwa, lakini mtoto anaweza kunakili mwaka mzima bila kutunga sentensi yake hata moja.

Kwanza, jua unachokitafuta

Chuoni tulifundishwa kwamba sentensi ina kiima na kiarifu. Ni sahihi, ila maneno hayo yaache ofisini. Cha muhimu zaidi ni kujua kwamba katika Kiswahili uzito wote wa sentensi hukaa kwenye kitenzi. "Tumeshiba." Hilo ni neno moja, na ni sentensi kamili: tu- inataja nani, -me- inasema jambo limekwisha kutokea, -shiba inataja jambo lenyewe. Linganisha na hii: "Yule mtoto mrefu wa darasa la tatu mwenye begi jekundu". Maneno kumi, na bado si sentensi. Tumemsikia mtoto, tumeliona begi, lakini hatujaambiwa chochote kumhusu.

Kwa hiyo ile kanuni ya "sentensi iwe na maneno matatu au zaidi" iache kabisa. Inamfanya mtoto ahesabu maneno badala ya kusema kitu. Kipimo chako kiwe kimoja: je, msikilizaji ameambiwa jambo, au bado anasubiri?

Hatua ya 1: Anzeni kwa mdomo

Mtoto asiyeweza kuisema sentensi hataiandika. Tenga dakika tano kila asubuhi kabla madaftari hayajafunguliwa.

Wengi wetu tuna mazoea ya kuamuru: "Jibu kwa sentensi kamili!" Mwalimu anauliza, "Nani amefuta ubao?" Mtoto anasema, "Rehema." Mwalimu anakataa. Lakini mtoto amejibu sawasawa, kwani ndivyo watu wanavyojibu nyumbani, sokoni na kwenye daladala. Ukimlazimisha aseme "Rehema amefuta ubao", atasema, ila ataona ni adabu ya shule tu, kama kusimama mgeni anapoingia.

Badilisha swali. Uliza, "Rehema amefanya nini?" Atasema, "Amefuta ubao." Kitenzi kimekuja chenyewe. Sasa mtume mtoto mmoja nje ya mlango, uulize swali, jibu litolewe, kisha umwite yule wa nje. Mwambie mwenzake ampe habari ile. Akisema "Rehema" tu, aliyekuwa nje atakodoa macho, maana hakusikia swali. Hapo darasa zima linaona kwa nini kuna haja ya kusema "Rehema amefuta ubao". Msomaji wa daftari naye hakulisikia swali. Yuko nje ya mlango siku zote. Watoto wa miaka minane wanaielewa sababu hii upesi kuliko maelezo yoyote ya sarufi.

Hatua ya 2: Mchezo wa "Ehe?"

Huu ndio moyo wa kazi yote, na hauhitaji hata chaki. Mwalimu anatamka kipande cha maneno. Kama darasa bado linasubiri, linajibu kwa pamoja, "Ehe?" Kama limepata habari, linapiga kofi moja.

Mbuzi wa babu. — Ehe?
Mbuzi wa babu amekata kamba. — (kofi)
Juu ya mwembe. — Ehe?
Tumeshiba. — (kofi)
Wale kuku wetu wawili weupe. — Ehe?
Mbuzi aliyekata kamba. —

Hapa darasa litagawanyika. Nusu watapiga kofi, kwa sababu wamesikia kukata na wamesikia kamba. Usiwape jibu. Rudia polepole, na sauti yako uiache juu mwishoni: mbuzi aliyekata kamba... Nyamaza. Atatokea mmoja tu wa kuuliza, "Kafanyaje?" Huyo ndiye uliyekuwa unamsubiri. Mwambie amalizie mwenyewe: "Mbuzi aliyekata kamba amekula mchicha wa jirani." Kofi.

Mtego huu wa "aliyekata" ndio unaowasumbua watoto wakubwa hadi darasa la tano na la sita, ni heri wakutane nao mapema kwa sikio. Una ndugu zake: "alipofika nyumbani", "akifika nyumbani", "kwa sababu mvua ilinyesha", "ingawa alikuwa mgonjwa", "ili apate maji". Vyote vina kitenzi ndani, na vyote vinamwacha msikilizaji njiani. Leta mtego mmoja kwa wiki, usiimwage yote siku moja. Usianze kueleza kwamba hivi ni vishazi tegemezi; sikio linatosha kwa umri huu.

Jambo moja lizingatie. Ukisema "Amekula", mtoto mchangamfu atauliza, "Nani?" Hiyo si "Ehe?" Kuuliza nani ni kutaka habari zaidi, na sentensi yoyote inaweza kuzaa swali zaidi. "Ehe?" ni pale habari yenyewe haijafika. Ukiwa thabiti katika tofauti hii, watoto nao watakuwa thabiti.

Hatua ya 3: Kadi za nani na kadi za tendo

Maboksi ya dukani yanatosha, hakuna haja ya kununua manila. Kata vipande vyenye ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, viandike kwa kalamu ya wino mzito ili vionekane hadi dawati la mwisho. Upande mmoja weka watendaji: mtoto, watoto, kitabu, vitabu, mti, miti. Upande wa pili vitenzi: analia, wanalia, kimeanguka, vimeanguka, umeanguka, imeanguka. Watoto wawili wanasimama mbele na kadi zao, darasa linasoma na kuamua kama zinaelewana. "Kitabu kimeanguka" inapita. "Kitabu vimeanguka" inachekwa.

Anza na ki- na vi-, kwa sababu sauti inajirudia yenyewe: kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka. Lakini wiki ya kwanza usilete kiboko, kifaru, kipepeo wala kiziwi. Mtoto aliyeshika kanuni barabara ataandika "kiboko kinaogelea", na utalazimika kumkosoa kwa kuwa amefuata ulichomfundisha. Viumbe hao walete baadaye, wote pamoja, chini ya kanuni yao moja: mwenye uhai ni a- na wa-.

Mtoto anayezungumza Kisukuma, Kihehe au Kimakonde nyumbani tayari anajua kwamba kichwa cha kitenzi hufuata mtendaji. Lugha yake inafanya vivyo hivyo, ila kwa viambishi vyake. Anayezungumza Kimaasai hana ngeli za namna hii katika lugha ya mama, kwa hiyo mpe muda mrefu zaidi kwenye kadi kabla ya kumpa penseli.

Sheria moja ya kadi haivunjwi: kitenzi kizima kiwe kwenye kadi moja. Usiandike "ana" huku na "soma" kule ili kuonyesha viambishi. Watoto wamejifunza kusoma kwa silabi, na wengi wanaandika hivyo hivyo: "ana soma", "ni mechoka", "tuna enda". Ukikata kadi unawathibitishia kosa.

Kwa "ni mechoka" kuna njia ya kujipima. Mwambie mtoto aibadilishe sentensi iwe ya watu wengi. "Nimechoka" inakuwa "tumechoka". Ni imeondoka, tu imekuja mahali pake, kwa hiyo ilikuwa sehemu ya kitenzi na haiachi nafasi. "Mimi ni mpole" inakuwa "sisi ni wapole". Ni imebaki palepale, kwa hiyo inasimama peke yake. Watoto wa darasa la tatu wanaweza kufanya jaribio hili wenyewe.

Hatua ya 4: Ni, si na -na

Sentensi nyingine hazina tendo: "Baba ni fundi." "Kiti kina miguu minne." "Juma si mvivu." Katika mazungumzo "ni" humezwa mara nyingi. Tunasema "huyu kaka yangu" huku tumemshika bega na kila mtu anaelewa. Mtoto anaandika alivyosikia: "Asha rafiki yangu". Mwonyeshe kwamba kwenye daftari hakuna kidole wala bega. Zoezi lake ni fupi: kila mtoto amtaje mwenzake kwa "ni", kisha ataje kitu alicho nacho mwenzake kwa "ana". Siku mbili zinatosha.

Wenzetu wa Kenya watakutana pia na "niko na kitabu". Hiyo ni sentensi kamili. Ukitaka kumsahihisha mtoto aandike "nina kitabu", fanya hivyo siku nyingine, usiyachanganye masuala mawili.

Hatua ya 5: Sasa penseli

Mtoto anasema sentensi yake kwa sauti, anaihesabu maneno kwa vidole, ndipo anaandika. Vidole vinamsaidia kukumbuka neno la nne wakati bado anahangaika na herufi za neno la pili. Nafasi kati ya maneno apime kwa kidole cha mkono usioandika. Kama anaandika "maMa" au "Baba yanGu", mara nyingi ni kwamba herufi fulani anaijua kwa umbo kubwa tu. Hilo ni suala la mwandiko, lishughulikie pembeni.

Nukta inahitaji uangalifu wa pekee. Chunguza madaftari ya darasa lako: utakuta watoto wanaoweka nukta mwisho wa kila mstari, habari iwe imeisha au haijaisha. Wamejifunza wapi? Ubaoni. Sentensi zetu za mfano ni fupi, kila moja inaishia kwenye mstari wake, na nukta inakaa upande wa kulia siku zote. Mtoto ameona mpangilio na ameufuata. Dawa ni kuandika ubaoni, kwa makusudi, sentensi inayovuka mstari:

Mjomba ametuletea samaki watatu wakubwa
kutoka ziwani. Mama anawakaanga.

Waulize nukta ya kwanza iko wapi, na kwa nini haiko baada ya "wakubwa". Kisha cheza "Ehe?" hapohapo: "Mjomba ametuletea samaki watatu wakubwa" itapigiwa kofi, kwa sababu inajitosheleza, na mjadala utakuwa mtamu. Wakubali. Waambie mwandishi alikuwa na neno zaidi la kusema, na nukta ni ya mwandishi anapomaliza, mstari unapoisha si kazi yake. Herufi kubwa ifundishwe siku hiyohiyo kama jirani wa nukta: ikishawekwa nukta, neno linalofuata linaanza kwa herufi kubwa.

Wape kitu cha kuandika. "Jaza nafasi" humpa mtoto sentensi ambayo mtu mwingine ameshaitunga, yeye anaziba tundu tu. "Panga maneno haya" ni afadhali kidogo. Lakini kama mvua imenyesha asubuhi na paa limevuja, andikeni kuhusu paa.

Hatua ya 6: Kurefusha

Anza na mzizi: "Asha anafagia." Uliza swali moja: wapi? "Asha anafagia darasani." Kesho swali lingine: lini? Keshokutwa: na nani? Hili la mwisho ni zuri kwa sababu linabadilisha kitenzi: "Asha na Neema wanafagia darasani." Watakaosahau kubadilisha ni wengi, na ndiyo nafasi ya kurudi kwenye kadi.

Usiruhusu maswali yote yajibiwe katika sentensi moja. Utapata "Asha na Neema wanafagia darasa letu asubuhi kwa fagio la chelewa kwa sababu ni chafu", na hapo hata wewe hujui kilicho kichafu ni darasa au fagio. Maswali mawili kwa sentensi moja yanatosha hadi mwisho wa darasa la tatu.

Hatua ya 7: Kukata

Mtoto akishapata ujasiri, tatizo linageuka. Sasa haachi. Insha ya mtoto wa darasa la tatu aliyechangamka huwa hivi:

jana nilienda sokoni na mama na tukanunua nyanya na vitunguu na mama akaniambia shika kikapu na nikashika na mvua ikanyesha na tukakimbia

Hili ni jambo la kufurahia kabla ya kulisahihisha, maana ana hadithi. Wakae wawili wawili. Mmoja asome maandishi yake kwa sauti, mwenzake awe na penseli na aweke kistari pale msomaji anapopumua. Kisha watazame kila "na" iliyo karibu na kistari.

"Na" za Kiswahili zinafanya kazi zaidi ya moja. "Na mama" inamaanisha pamoja naye, hiyo ibaki. "Nyanya na vitunguu" ni orodha, ibaki. "Na tukanunua" ni kibandiko tu, tena hakihitajiki, kwa kuwa -ka- yenyewe inasema jambo hili limefuata lile. Mtoto ameunganisha mara mbili. Akifuta vibandiko na kuweka nukta, anapata:

Jana nilienda sokoni na mama. Tukanunua nyanya na vitunguu. Mama akaniambia nishike kikapu, nikakishika. Mvua ikanyesha, tukakimbia.

Kati ya "na" saba zimebaki mbili, na hadithi haijapoteza kitu. Wapo walimu wanaoipiga marufuku -ka- ili kukomesha minyororo. Sikubaliani nao: bila -ka- mtoto hawezi kusimulia. Mfundishe tu kwamba -ka- haifungui hadithi. Sentensi ya kwanza ni ya -li-, kama "nilienda" hapo juu, ndipo -ka- zifuate. "Halafu" na "kisha" nazo zipewe ukomo, moja kwa ukurasa.

Kusahihisha darasa lenye watoto tisini

Huwezi kusahihisha kila kosa la kila mtoto, na ukijaribu utaishia kuweka tiki bila kusoma. Chagua jambo moja kwa wiki na ulitangaze Jumatatu: wiki hii natazama nukta tu. Mtoto aliyeandika "kurara" badala ya "kulala" mwache hadi wiki ya tahajia. Ukimzungushia duara jekundu kila mahali, kesho ataandika maneno mawili ili apunguze hasara.

Mahali ambapo habari haijakamilika, usiandike X. Andika "Ehe?" pembeni. Mtoto anaijua tangu mchezo wa asubuhi na anajua la kufanya: aongeze kinachokosekana. Kila siku soma kwa makini madaftari ya safu moja ya madawati, mengine wabadilishane wenyewe wakitafuta jambo la wiki. Chagua sentensi mbili nzuri na uziandike ubaoni jinsi zilivyo, pamoja na jina la mwandishi. Yenye kosa usiiandike na jina lake. Ukihitaji mfano wa kosa, utunge wewe.

Imla ina nafasi yake, kwa tahajia na kwa kusikiliza. Isihesabiwe kuwa kutunga. Darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa, na shule nyingi zinapoukaribia huhamia kwenye maswali ya mitihani iliyopita. Hata hapo, ziache zile dakika tano za "Ehe?" zibaki.

Kwa mzazi

Huna haja ya kununua kitabu cha mazoezi. Mwachie mtoto kazi ya kuandika ujumbe wenye haja ya kweli: kilichokwisha jikoni, aliyepiga simu ulipokuwa haupo, mahali alipokwenda kucheza. "Baba, unga umekwisha." "Niko kwa bibi." Zote mbili ni sentensi kamili. Akiandika "unga" peke yake, muulize, "Ehe? Unga umefanyaje?", naye ataongeza. Ukijibu kwa maandishi chini ya ujumbe wake, andika maneno kwa ukamilifu, si kama tunavyofupisha kwenye simu, kwa sababu atakuiga kabla ya kumwiga mwalimu.